Sauti ya kwanza

Juzi binti yangu alikuwa akipekuapekua simu ya zamani ya baba yake, akakuta rekodi ya kwaya. Akaisikiliza, akairudia, kisha akaniuliza: "Mama, huyu anayeanzisha wimbo ni nani?"

Nikamwambia ni mimi. Akacheka, alidhani namtania. Simlaumu. Amezaliwa amenikuta na sauti hii ya chini yenye mikwaruzo, ambayo watu wakinipigia asubuhi huuliza kama wameniamsha. Yule wa kwenye rekodi anapanda hadi juu kabisa bila kusita, na waimbaji wote wa sauti ya kwanza, ile ya juu, wanamfuata.

Habari ya goita yangu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, sitaieleza kirefu. Ilikuwa imeanza kubana njia ya hewa, lazima itolewe. Daktari alinisomea hatari zote, ya sauti ikiwemo. Kwaya wakafunga na kuomba. Nilipozinduka, muuguzi akaniuliza jina langu, nikajibu, ikatoka hewa tupu. Akasema ni lile bomba la kupumulia, limekwaruza koo, sauti itarudi. Siku zikapita, haikurudi.

Ndipo nikapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alinipulizia ganzi puani, chungu, ikateremka hadi nyuma ya ulimi, kisha akapitisha mrija mwembamba wenye kamera. Skrini ilikuwa imegeuziwa upande wangu. Sijui kama alikusudia. Nikajiona ndani: ukuta wa rangi ya waridi, majimaji yanayometa, halafu nyuzi mbili nyeupe zilizokutana mbele na kuachana nyuma, umbo la herufi V. Kumbe nyuzi za sauti ndizo hizo. Mazoezi yote yale, sherehe zote zile, na watu waliokuwa wakinishika mkono baada ya ibada wakisema nimewabariki, vyote vilipita kwenye vipande viwili vya nyama ambavyo kwa mwanamke havifiki hata sentimita 2.

"Mama, vuta pumzi." Uzi wa kulia ukajitenga pembeni.

"Sasa sema iii." Ukarudi katikati, umenyooka, uko tayari. Wa kushoto haukutikisika.

"Tena. Iii."

Wa kulia ukaja tena hadi katikati, haukukuta mtu. Ilikuwa kama mlango wa mabawa mawili ambao bawa moja limekwama: unavuta lile zima, unavuta tena, na upepo bado unapita. Upepo huo ndio niliokuwa nikiusikia badala ya sauti yangu. Ajabu ni kwamba wakati ule sikuogopa. Niliuhurumia ule uzi wa kulia. Kila ukiambiwa uje, unakuja.

Daktari alichukua karatasi akanichorea. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inayousogeza uzi wa kushoto haiendi kooni moja kwa moja. Inateremka shingoni ndani ya neva kubwa zaidi, inalipita koo, inaingia kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo inapanda tena hadi kooni. Wakati wa kupanda inapita nyuma ya tezi ile iliyokuwa imevimba, na hapo ndipo madaktari wa upasuaji hutembea kwa tahadhari. Hata isipokatwa, ikivutwa tu inaweza kulala. Twiga naye anayo, akasema, na kwake mzunguko huo ni wa mita kadhaa. Tungesubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba ni ya kudumu.

Nikaandika kwenye kidaftari changu: "Kwa nini izunguke hivyo?"

Akasoma, akatabasamu. "Hilo muulize aliyeiumba."

Usiku ule, mimi niliyekuwa nikiongoza maombi ya nyumba yetu tangu tuoane, nilimwandikia mume wangu maneno mawili: Omba wewe. Si mtu wa kuomba mbele za watu, hata mbele yangu. Alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, akakohoa, akasema, "Mungu, ni sisi." Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Akasema amina, akazima taa. Nimesikia maombi marefu mengi katika maisha yangu, mengine ya kwangu mwenyewe, na sikumbuki hata moja neno kwa neno kama ninavyokumbuka hilo.

Wageni walikuja na Maandiko. Yeremia 29:11 niliandikiwa kwenye kadi zaidi ya moja, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Hakuna aliyeniandikia mstari wa 10, ambao unataja miaka 70 ya kukaa Babeli kwanza. Wengine walinikumbusha Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, aliyefungwa kinywa na baadaye akafunguliwa. Walikuwa na nia njema. Ila nilikuwa na muda mwingi wa kusoma, na Luka anasema wazi kwamba Zakaria alifungwa kinywa kwa sababu hakumwamini malaika. Sasa mimi sikuwa nimemkatalia malaika yeyote. Nilimpenda zaidi Hana, mama yake Samweli, akiomba hekaluni, midomo inacheza, sauti haisikiki, na kuhani anadhani amelewa. Huyo nilimwelewa. Na Mungu alimsikia vilevile, jambo lililonifariji siku fulani na kuniudhi siku nyingine, maana kama anasikia bila sauti, yangu alinipa ya nini?

Yaliyofuata ni mafupi. Mazoezi na mtaalamu wa matamshi, miezi ikaisha, uzi wa kushoto haukuamka. Kilichotokea ni kwamba wa kulia ulijifunza kuvuka mstari wa katikati na kumfuata mwenzake pale alipolala. Ndiyo maana naongea. Lakini kule juu hakufikiki tena, na kwaya niliiaga bila hafla.

Wapo wanaosema Mungu aliichukua sauti ili niandike. Inawezekana. Ila naona ni kumdogosha, kana kwamba alikosa njia nyingine ya kunipa kalamu. Namtumaini, hilo nalisema bila kuuma maneno, lakini sababu za lile jambo sijapewa na nimeacha kuzitunga.

Ile noti ya juu bado naiomba. Kila mwaka nikienda kupimwa, natazama kwanza uzi wa kushoto kwenye skrini. Mume wangu anasema hiyo ndiyo imani. Mimi nadhani ni ubishi tu, na hatujaafikiana.