Leo tumefungua ngitili

Saa 11 alfajiri. Ng'ombe wanne wanaonyonyesha wamenipa lita tatu, wote kwa pamoja. Mwezi wa tano hawa hawa walikuwa wananijazia ndoo. Ni Septemba hapa Kishapu, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na leo ndiyo siku aliyoipanga mzee.

Kwa msiotoka Usukumani: ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Hakuna mfugo kuingia. Nyasi zinakua, zinamwaga mbegu, kisha zinakauka zikiwa zimesimama hapo hapo zikingoja kiangazi. Yetu ni ekari 12.

Saa 1 nazunguka mpaka. Upande wa minyaa kuna tundu la kupita ng'ombe, na kinyesi ndani bado kibichi. Mtu amelisha usiku. Alama moja ya kwato ina ukucha uliopinda, kwa hiyo ng'ombe namjua, na mwenyewe namjua.

Saa 3, kazi ninayoipenda. Nimeunganisha vijiti vinne, mita moja kila upande. Naviweka chini bila kuchagua mahali (jicho hupenda kwenda penye nyasi nyingi), nakata kwa mundu, napima kwa mizani ya jikoni. Mara kumi, sehemu tofauti. Wastani umekuja gramu 200. Ekari ina mita za mraba elfu nne na kidogo, kwa hiyo ni kilo 800. Nusu siigusi. Ukikwangua mpaka chini mzizi unabaki hauna wa kuulisha, upepo unabeba udongo, na mwakani unafungia magugu. Zinabaki kilo 400 za kulisha kwa ekari, 4,800 kwa eneo zima. Ng'ombe wetu hawa wa asili mmoja anakula kama kilo sita za nyasi kavu kwa siku. Wanane ni siku 100.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mizani imesemaje?"

"Wanane. Hao wanne wa maziwa na maksai wanne."

"Kumi. Weka na mitamba yangu miwili."

Nikamwambia kumi ni siku 80, nyasi zinaisha Novemba. Akasema Novemba mvua inakuwa imefika. Imefika, ndiyo, lakini mvua ya kwanza huleta matope, nyasi huja baadaye, na maksai dhaifu hawezi kuvuta plau. Hilo la plau ndilo lililomnyamazisha. Mitamba itakwenda na wenzao kwenye mabua ya mtama, nami nitaiongezea mashudu ya pamba.

Mchana, chini ya mgunga, mzee alirudi kwenye hadithi yake. Miti ya huku ilifyekwa kupambana na mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba. Miaka ya sabini watu wakahamishiwa vijijini, ngitili zikabaki bila mwenyewe. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 ndipo watu walipohimizwa kuzifunga upya. Huu mgunga, anasema, haukupandwa na mtu. Ulichipuka wenyewe kwenye kisiki tulipoacha kuchungia hapa.

Saa 9 kijana amerudisha kundi kutoka lamboni. Maji yameshuka sana, kuna tope la kufika magotini. Wale wanane tayari wako ndani ya ngitili, kwenye ekari ya kwanza tu. Hawanyanyui hata vichwa.

Saa 12 jioni nimekwenda kwa jirani. Ningeweza kulipeleka jambo hili kwenye dagashida, baraza letu la jadi, wazee wakamtoza faini mbele ya watu. Nimemkuta anamshikilia mkia ng'ombe wake ili asimame, yule yule mwenye ukucha uliopinda. Mbavu unazihesabu. Tumesaidiana kumwinua.

"Minyaa yangu ina tundu," nikamwambia.

Akakaa kimya kidogo. "Kesho asubuhi nitakuja na panga tuizibe."

Nimerudi nyumbani, nikamwambia kijana amjazie debe la mashudu.