Baridi ya Ngaramtoni na sukari yangu

Mimi ni fundi cherehani, nakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, na mwaka jana nilipoambiwa nina kisukari aina ya pili sukari ilikuwa 12.4 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla sijala kitu. Nikaanzishiwa metfomini, vile vidonge vya kushusha sukari, nikapunguza ugali na chai ya sukari, ikashuka ila ikagoma kwenye 9, asubuhi 8.8, asubuhi 9.3, hivyohivyo wiki nzima, na stripu za kupimia sio bei rahisi jamani.

Sasa kijana wangu ndo akanisomea habari za Uholanzi, chuo kikuu cha Maastricht, mwaka 2015 walichukua watu 8 wenye kisukari hiki hiki wakawakalisha kwenye baridi ya nyuzi 14 hadi 15 masaa 6 kwa siku, siku 10 tu, na mwili wao ukaanza kuitikia insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli, vizuri zaidi kwa kama asilimia 43. Nikasema nyuzi 14 mbona ni hapa kwetu Ngaramtoni, Arusha, mwezi wa saba kabla jua halijatoka, tena bure!

Sikuanza hivi hivi lakini. Nilienda kliniki kwanza, dokta akanipima presha, akanigusa nyayo na kauzi kama ka nailoni huku nimefumba macho kuona kama nasikia, maana mwenye ganzi miguuni anaweza kuumizwa na baridi asijue, na baridi inapandisha presha kwa hiyo mwenye shida ya moyo asiguse kabisa. Akaniruhusu kwa masharti: soksi na viatu muda wote, dawa siachi hata siku moja.

Basi saa 11 alfajiri natoka nje nakaa kibarazani na fulana tu, saa nzima. Siku ya kwanza nilipoingia ndani nikapima hapohapo, 10.6! Nikaogopa sana, mke wangu akasema acha mambo haya baba, utajiua. Dokta akanieleza baridi ikikushtua mwili unamwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, na ini linatoa sukari, nisipime muda huo, nipime kesho yake nikiamka. Kweli wiki ya pili ikaanza kusoma 8.1, 7.9.

Halafu kuna siku kama tano baridi ilizidi nikawa najifunika shuka, nakaa nje vilevile ila sitetemeki, na namba zikarudi juu. Nilidhani ni chakula. Kumbe hao hao Waholanzi walirudia jaribio, majibu yakatoka 2021, safari hii watu wakakaa kwenye baridi ya nyuzi 16 na 17 bila kutetemeka na mwili kuitikia insulini hakukuboreka. Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho naona wengi wanakikosa, wanasifia mafuta ya kahawia mwilini kwamba ndo yanachoma sukari, lakini kwenye ule utafiti wa kwanza hayo mafuta yaliongezeka kidogo sana, kilichobadilika ni misuli, ile milango ya kuingiza sukari ilisogea kwenye uso wa seli. Misuli inayotetemeka inafanya kazi, na misuli ikifanya kazi inavuta sukari hata kama insulini haisikiki vizuri. Mimi misuli yangu ilikuwa imelala kwenye kiti miaka 20.

Nikavua shuka. Mwisho wa mwezi wa nane nilikuwa nasoma 7.2 mpaka 7.6, na dawa ni ileile haikuongezwa.

Mwezi wa kumi joto likaanza, hata alfajiri hutetemeki, na sukari ikataka kurudi 8. Nikajaribu kuoga maji ya tenki, dakika chache umeshazoea, sikuona tofauti yoyote. Ndipo nikaamua kama kazi ni ya misuli basi niipe bila kusubiri msimu, saa 11 ileile natembea kwa kasi ya kutoa jasho, dakika 40, nikirudi nachuchumaa na kusimama mara 30, na dukani kila nikimaliza nguo moja nasimama. Leo asubuhi imesoma 6.9. Mwezi wa sita nitarudi kibarazani na fulana yangu, ila matembezi siachi, na hao wateja wanaoniuliza mbona nimesimama kila saa nawaambia hivihivi nilivyowaandikia nyie.