Siku moja kwenye banda la ala za asili, Tamasha la Bagamoyo

Saa 12 asubuhi. Ngoma kwanza. Unyevu wa bahari huzilegeza ngozi usiku kucha, ukizipiga zinatoa sauti butu. Nawasha makuti makavu na kuizungusha kila ngoma mbele ya moto, huku nikiigonga kwa kidole nisikie inavyopanda. Ukiisogeza karibu mno, ngozi inapasuka.

Saa 3. Wanafunzi wanaingia. Hapa hakuna kibao cha "usiguse". Tamasha hili lilianza mwaka 1982, na watu wengi wamezisikia zeze na ilimba jukwaani bila kuwahi kuzishika. Banda lipo kwa ajili hiyo.

Saa 5. Kijana mpiga gitaa anajaribu ilimba, ile marimba ya Wagogo yenye sanduku la mbao na ndimi za chuma. Anakunja uso. "Kaka, hii mbona inakwaruza? Imepasuka?"

Swali hili nalipenda kuliko yote. Namwonyesha tundu kwenye sanduku, limezibwa kwa utando wa mayai ya buibui. Ndio unaovuma. Naugusa taratibu kwa ncha ya kidole, namwambia apige tena. Sauti inatoka safi, lakini imepoa. Naondoa kidole. "Hiyo hiyo! Iache hivyo," anasema. Kisha namwonyesha ndimi ambazo hazipigwi kabisa. Huitikia zenyewe jirani zake zinapopigwa. Anakaa nayo hadi adhuhuri.

Mchana tunakula wali na samaki kwa zamu.

Saa 8. Binti mmoja anavuta upinde wa zeze, kimya. "Haulii, kaka." Tunaupaka utomvu mkavu. Unalia kwa nguvu mpaka anashtuka! Hapo ndipo namtaja marehemu Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha hapa hapa Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuzifikisha zeze na ilimba kwenye majukwaa ya dunia. Alifariki mwaka 2003, kabla watoto hawa hawajazaliwa. Ningetamani kila mmoja wao amsikilize walau mara moja.

Saa 10. Muheme nawapa akina mama kwanza, maana Ugogoni ni ngoma ya wanawake.

"Mimi na ngoma wapi na wapi, mwanangu!"

"Jaribu tu, mama."

Anakaza khanga kiunoni, anaibana ngoma katikati ya mapaja, anapiga kwa viganja. Wenzake wanadakia kwa vigelegele, na kwa muda wa kutosha banda linakuwa lao. Mimi nasogea pembeni.

Saa 12 jioni jukwaa kubwa linaanza, watu wanahamia huko. Nalegeza nyuzi, nafuta jasho kwenye ndimi za chuma zisipate kutu. Utando wa ilimba mbili umetoboka kwa vidole vya watoto, kama kila mwaka. Kesho alfajiri nitapitia kuta za stoo ya jirani; buibui wa huko wanataga vizuri.