Karatasi ya baharia

Mwaka wangu wa kwanza hapa Baltimore, Marekani, nilitembea na makaratasi yangu kifuani, kwenye bahasha ya kaki ndani ya koti. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na kurudi na basi la alfajiri. Nikiona askari, moyo ulinienda mbio, na makaratasi yenyewe yalikuwa halali kabisa!

Ndiyo maana Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwani akaja kuwa mpinga utumwa mashuhuri, ananigusa. Alikuwa mtumwa mjini humu humu, akifanya kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, kwenye meli za Fells Point, mtaa wa bandarini, kazi ambayo mafundi wa majahazi kwetu Lamu wanaijua vizuri. Ujira wake ulichukuliwa na bwana wake kila wiki.

Tarehe 3 Septemba 1838 alitoroka: alidandia treni ya kwenda kaskazini ikiwa imeshaanza kuondoka. Alikuwa na miaka 20, amevaa kibaharia. Anna Murray, mchumba wake, mwanamke huru aliyefanya kazi za ndani kwa watu, ndiye aliyempa akiba yake. Binti yao alikuja kuandika kwamba mama yake aliuza hata godoro lake la manyoya. Mfukoni Douglass alikuwa na karatasi ya kuazima kwa rafiki baharia, ya kuonyesha kwamba mwenyewe ni baharia huru wa Marekani, yenye picha ya tai wa Marekani juu, na maelezo ya mtu mweusi kuliko yeye. Kondakta angeisoma vizuri, basi, safari ingeishia hapo. Alimuuliza hati za uhuru, zile za kuthibitisha kwamba mtu mweusi si mtumwa. Douglass akasema huwa haendi nazo baharini, akamwonyesha tai. Kondakta akatupia jicho, akapokea nauli, akapita.

Kuna jambo jingine. Ndani ya treni alikuwamo mhunzi Mjerumani aliyemfahamu vizuri. Alimkazia macho. Douglass aliamini kwamba alimtambua, ila hakuwa na moyo wa kumsaliti.

Chini ya saa 24 baadaye alikuwa New York, kusikokuwa na utumwa.

Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1845, hakikusema alitorokaje. Wasomaji walitaka kujua, wapinzani wakamwita mwongo, naye akanyamaza, asije akawaponza waliomsaidia na kuwafungia njia waliobaki nyuma. Alieleza yote mwaka 1881, utumwa ukiwa umekwisha.

Sisi tulio huku tunauelewa ukimya huo. Mimi nililazwa sebuleni kwa mtu miezi saba, nikala chakula chake, nikavaa koti lake la baridi. Jina lake silitaji hapa.