Mnanaha na baridi ya Uingereza: upi natunza mzizi, upi napanda upya

Ushauri unaozunguka sana kwa wapanda maua wa Uingereza ni kwamba mnanaha (Datura) ni mmea wa kudumu, kwa hiyo Oktoba ikifika uingize ndani na chungu chake, yameisha. Wanaosema hivyo wanauchanganya na Brugmansia, ule mti wa tarumbeta zinazoning'inia ambao nyanda za juu za Kenya na Tanzania hupandwa kando ya nyua. Brugmansia ina shina gumu la mti na hutunzika. Datura shina lake ni laini na maua yake hutazama juu.

Mimi naamua kwa aina. Datura metel, hasa ile ya zambarau yenye maua ya tabaka mbili tatu, naitupa vuli bila huruma na kupanda mbegu mwezi Machi. Ukiiweka sebuleni karibu na hita, joto linaisukuma ikue wakati mwanga wa Desemba hauitoshi. Inatoa vijiti virefu vilivyopauka, halafu utitiri mwekundu unatanda chini ya majani. Ukitaka lazima kuitunza, ikate ibaki sentimita 20, iweke chumba chenye mwanga na nyuzi 8 hadi 12, maji kidogo mara moja kwa mwezi. Hata hivyo mche wa mbegu utaifikia kiangazi, na pakiti ya mbegu ni pauni mbili tatu tu.

Wanaolalamika kwamba mbegu "hazioti" wamezifukia kavu. Mbegu ya metel na ya Datura inoxia ina ukingo mweupe wa mafuta upande mmoja, chambo cha sisimizi. Ndani ya trei ukingo huo ndio unaoota ukungu kwanza, na mbegu inaoza nao. Ganda nalo lina kemikali zinazozuia kuota. Kwa hiyo naziloweka siku mbili kwenye gudulia la jamu lililokaa karibu na hita, na kila asubuhi na jioni namwaga maji yaliyogeuka rangi ya chai na kuweka mengine ya vuguvugu. (Chupa ya chai huhifadhi joto vizuri zaidi, lakini usithubutu: mbegu hizi ni sumu.) Siku ya pili ukingo umelainika: vaa glavu, weka mbegu katikati ya kitambaa chakavu kilicholowa, sugua taratibu mpaka zibaki safi. Zifukie nusu sentimita kwenye mboji mbili kwa perlaiti moja (zile punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo), udongo uwe nyuzi 22 hadi 26. Nyingine huota ndani ya wiki mbili, nyingine baada ya sita, kwa hiyo trei isitupwe mapema.

Mche haupendi kuguswa mizizi, hamisha na bonge lake la udongo. Nje ni mwisho wa Mei au Juni, usiku ukishapita nyuzi 10, kwenye chungu cha lita 10 au zaidi, na mbolea ya maji ya nyanya kila wiki. Majani yakilegea saa saba mchana huku udongo ukiwa na unyevu, acha. Jioni yatasimama yenyewe. Anayekimbilia kumwagilia ndiye anayeozesha mizizi.

Datura inoxia na Datura wrightii hutengeneza mzizi mnene, na hapo kutunza kunalipa, maana mzizi hutoa maua wiki kadhaa kabla ya mche. Jalidi ya kwanza ikishaunguza majani, kata shina libaki sentimita 10, chimba kwa uma kutoka mbali, acha majeraha yakauke siku mbili tatu, kisha laza kwenye boksi la mchanga wenye unyevu kidogo sana, nyuzi 5 hadi 8. Kagua kila mwezi. Palipolainika kata mpaka nyama nyeupe, paka unga wa mkaa. Aprili panda tena, na maji yawe ya kuhesabu mpaka chipukizi litokeze. Kuuacha ardhini chini ya matandazo kunawezekana penye ukuta wa jua na kokoto, lakini kwenye udongo wa mfinyanzi maji ya Januari yatauozesha kabla baridi haijaugusa.

Andika SUMU kwenye boksi, kwa herufi kubwa. Mzizi huo ukikaa stoo na viazi, mtu anaweza kuumenya. Sumu za atropini na skopolamini zimo mmea mzima, na mkono uliokata shina ukigusa jicho, mboni hupanuka. Karamoja, Uganda, mwaka 2019, unga wa msaada uliochafuliwa na sumu za kundi hilo uliua watu 5 na kulaza mamia.

Datura stramonium mimi siipandi kabisa. Mbegu zake hukaa ardhini hai kwa miongo, na hukumbuki tena ulizimwaga wapi. Hata za inoxia nazizuia: tunda la miiba likianza kupoteza ukijani, livishe kipande cha soksi nyembamba ya kike, funga kwa uzi kwenye kikonyo. Likipasuka, mbegu zote zimo ndani. Zikauke kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, yenye jina la aina na mwaka.