Maiti ya Polyneices ni ya nani?

Wiki hii nimeirudia Antigone ya Sophocles, tamthilia iliyochezwa Athens kwenye miaka ya 440 KK, na nimekasirika upya. Wengi wanaoifundisha huanza na mizani: upande huu sheria ya miungu, upande ule sheria ya dola, Antigone na Creon kila mmoja na jiwe lake, na sisi tumekaa pembeni tukipima. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, ndiye aliyeipa fikra hiyo nguvu, kwamba pande zote mbili zina haki, na kosa la kila mmoja ni kuiona haki yake peke yake. Nimesoma safari hii nikimtafutia Creon kila utetezi ninaoweza kuupata. Utetezi upo. Mizani ndiyo siioni.

Kwa asiyekijua kisa: wana wawili wa Oedipus, aliyekuwa mfalme wa Thebes, Eteocles na Polyneices, wameuana vitani penye milango ya Thebes. Eteocles alikuwa akiulinda mji, Polyneices aliuletea jeshi la Argos. Mjomba wao Creon, ambaye ndiyo kwanza anaushika utawala, anapiga mbiu: Eteocles azikwe kwa heshima zote, Polyneices aachwe uwandani aliwe na mbwa na ndege, na atakayethubutu kumzika atapigwa mawe mpaka afe. Dada yao Antigone anamzika.

Sasa utetezi wa Creon. Watu waliokaa pale Athens kuitazama tamthilia hii hawakuwa wageni wa jambo lenyewe. Kwao pia aliyehukumiwa kwa usaliti hakuruhusiwa kuzikwa katika ardhi ya Attica, jimbo la Athens. Themistocles, yule aliyewaokoa Wagiriki katika vita vya baharini vya Salamis, alifia uhamishoni akiwa na hukumu ya usaliti, na mwanahistoria Thucydides anaeleza kwamba jamaa zake walidai mifupa yake ilirudishwa nyumbani na kuzikwa kwa siri, maana haikuruhusiwa kuzikwa hadharani. Kwa hiyo Creon anaposimama na kusema kwamba rafiki wa mji na adui wa mji hawawezi kupewa heshima sawa, nadhani wengi pale waliitikia kwa kichwa. Mji umenusurika jana tu. Kiongozi ni mpya. Maneno yake ya mwanzo ni ya mtu mwenye akili.

Lakini sheria ya Athens ilimwambia msaliti: si hapa. Jamaa zako wakutafutie kaburi ng'ambo ya mpaka. Mbiu ya Creon inasema: si popote, na inaweka askari wa kulinda uozo. Hapo ndipo ninapoachana naye, kabla hata Antigone hajafungua kinywa.

Kuna kitu kidogo ambacho zamani nilikuwa nikikipita haraka. Mlinzi anapokuja kutoa habari ya mazishi ya kwanza, anasema hapakuwa na alama ya jembe wala sururu, wala njia ya magurudumu. Maiti haikuwa kaburini. Ilikuwa imefunikwa vumbi jembamba tu, kama vumbi la mtu anayejikinga na laana. Kwa Wagiriki, mpita njia aliyekutana na maiti isiyozikwa alitakiwa airushie udongo japo kidogo, hata kama hamjui marehemu, la sivyo unajisi ulimfuata yeye.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Sisi tuliokulia pwani tumefunzwa katika chuo cha Kurani, tungali wadogo, kwamba kumzika maiti ni faradhi kifaya: wakiitekeleza wachache, jamii nzima imesalimika, wasipoitekeleza hata mmoja, dhambi ni ya wote. Sisemi Sophocles alikuwa na dini yetu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyefunzwa hivyo anaisoma Thebes kwa jicho jingine. Mji mzima umelala na deni. Wazee wa mji, wale wanaounda korasi ya tamthilia, wanalijua, Ismene dada wa Antigone analijua (anawaomba waliolala chini ya ardhi wamsamehe kwa kuwa amelazimishwa), na askari wanalijua kuliko wote, maana wao ndio wanaosikia harufu. Antigone hawakilishi nadharia yoyote ya mbinguni. Yeye ndiye wa karibu, na jambo la kufanya liko mbele yake.

Anapokuja kumzika mara ya pili, Antigone anakamatwa. Askari wamelifagia lile vumbi, wameuacha wazi mwili ulioanza kuoza, kisha wakaenda kukaa juu ya kilima upande unaotoka upepo, harufu isiwafikie. Jua la mchana linawaka, kimbunga cha vumbi kinapita, wanafumba macho. Wakifumbua, msichana yupo pale analia kama ndege aliyerudi kwenye kiota akakikuta kitupu. Anachota udongo mkavu kwa mikono yake, anainua jagi la shaba, anammwagia maiti mara tatu. Hakimbii.

Hotuba yake mbele ya Creon ndiyo inayonukuliwa kila mahali: kwamba si Zeus aliyepiga mbiu ile, na kwamba amri ya binadamu anayekufa haiwezi kuzipiku sheria zisizoandikwa, ambazo si za leo wala jana, zinaishi siku zote na hakuna ajuaye zilitoka wapi. Maneno makubwa. Mwanafalsafa Aristotle aliyatumia kama mfano alipoandika juu ya sheria ya maumbile. Mimi yananigusa zaidi maneno ya Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, kwa sababu yeye hataji sheria za milele. Anamwambia baba yake kile ambacho watu wanaogopa kumwambia usoni: mji unanong'ona gizani, unamlilia msichana huyu, unasema anastahili heshima. Creon anamuuliza kama mji ndio utakaompangia cha kuamuru. Haemon anamjibu kwamba hakuna mji ulio wa mtu mmoja.

Hapo ile hadithi ya dini dhidi ya dola inanivunjikia mkononi. Dola iko wapi? Raia wako na Antigone. Na Creon naye anadai miungu ni yake: anawafokea wazee, ati miungu gani itamjali mtu aliyekuja kuyachoma mahekalu yao? Kila upande una miungu, na upande mmoja tu una watu. Kinachobaki kwa Creon ni sauti yake mwenyewe na askari wanaomwogopa.

Nikiri kwamba kuna mahali Antigone ananipa shida. Akipelekwa pangoni kufungiwa humo akiwa hai, adhabu ambayo Creon ameiweka badala ya mawe, anasema asingefanya haya kwa ajili ya mume wala mtoto, maana hao hupatikana wengine. Ndugu, wazazi wakiwa wameshakufa, hapatikani tena. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alitamani mtaalamu athibitishe kwamba mistari ile ilichomekwa na mtu mwingine. Mimi nataka ibaki. Sheria iliyokuwa ya milele asubuhi sasa imekuwa ya kaka mmoja tu, na hivyo ndivyo anavyosema mtu aliyeachwa peke yake mbele ya kaburi lake, hana mungu aliyemtumia hata ishara.

Ishara inakuja baadaye, kwa Tiresias, mtabiri mzee aliye kipofu. Madhabahu zimechafuka kwa nyama iliyobebwa na ndege na mbwa, ndege wanapiga kelele zisizoeleweka. Anamwambia Creon kosa lake kwa lugha nyepesi kabisa: umemweka kaburini mtu wa juu, na umemzuia juu mtu wa chini.

Creon anavunjika, anauliza afanye nini. Wazee wanamjibu kwa mpangilio: nenda kamtoe msichana, kisha umjengee kaburi aliyelala uwandani. Yeye anaanza na maiti. Wanaomba, wanaosha masalia, wanayachoma kwa matawi mabichi, wanarundika tuta la udongo wa nyumbani. Ndipo wanapokwenda pangoni. Antigone ameshajinyonga, Haemon amemkumbatia. Anamrukia baba yake kwa upanga, anamkosa, anajichoma mwenyewe. Mama yake, Eurydice, akisikia habari anajiua nyumbani.

Wapo wanaosema Creon aliugeuza mpangilio wa wazee kwa sababu unajisi ulihitaji kuondolewa kwanza. Huenda. Mimi namwona mtu aliyetishwa na miungu akakimbilia kuwalipa, akiwa bado hajamfikiria msichana.