Nani alikupeleka getini

Juzi jioni jirani alikuwa anachoma korosho kwenye bati huko uani kwake, ule moshi mweusi wa mafuta ya ganda ukaingia mpaka ndani kwangu, na binti yangu wa pili, yule aliyemaliza chuo mwaka jana, akaja kufunga dirisha. Akalifunga, alafu akabaki amesimama pale pale. "Mama, si uongee tu na mjomba wa bandarini? Wenzangu wote wameingia kazini kwa kuongelewa."

Sikumjibu. Nilimwambia akaangalie maharage jikoni.

Huo moshi ungekuja peke yake ningeuvumilia, na hilo swali lingekuja peke yake ningepata la kusema, ila vimekuja pamoja, na usiku kucha nilikuwa kimawazo chini ya ule mwembe wa nyuma ya bohari ya kiwanda, 2016, mwezi wa sita.

Nilikuwa na daftari langu pale kiwanda cha kubangua korosho. Mwakilishi wa wafanyakazi, tawi letu, na daftari kubwa la mistari lenye jina la mtu, tarehe ya kuingia, idara, namba ya kadi ya chama. Nililianzisha kwa hasira kwa sababu ofisini walikuwa wanatuambia kila msimu ni mkataba mpya, yani umebangua miaka 10 lakini ukirudi mwezi wa kumi na moja unahesabiwa umeanza leo sawa na aliyekuja jana na basi. Tukapigania mpaka likaingia neno moja kwenye mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri: nafasi ya kudumu ikipatikana na watu wana sifa sawa, anatangulia aliyetangulia kuingia, na misimu inajumlishwa. Mstari mmoja tu. Lakini kwa mwanamke ambae vidole vyake vimeliwa na mafuta ya ganda mpaka ngozi imekuwa kama ya mwingine, huo mstari ndio kitu pekee alichonacho kwa miaka yake yote.

Sasa nafasi ikatoka, moja, chumba cha madaraja. Pale unakaa kwenye meza safi, hakuna moshi, unatenga korosho za daraja la W240 na W320 kwa macho na vidole, hiyo 240 maana yake punje zisizidi 240 kwenye ratili moja, na unalipwa kwa mwezi sio kwa kilo. Na ilikuwa ile miaka mzigo ghafi unapita bandarini kwenda India na Vietnam sisi wabanguaji tunakaa siku tatu bila kazi, kwaiyo mshahara wa mwezi ulikuwa ndoto ya kila mtu. Jina likabandikwa kwenye bodi. Kijana aliyeingia mwezi wa pili mwaka ule ule, mpwa wa supavaiza.

Na wa kwanza kwenye daftari langu alikuwa mama mkubwa. Mama mkubwa wangu mimi, dada yake mama, kungwi wangu. Alianza kubangua kabla mimi sijamaliza la saba.

Kikao tulikaa shifti ya asubuhi ilipotoka. Wanawake wamekaa chini na kanga zao, mikono bado ina majivu, wengine wananyonyesha. Katibu wa tawi kwenye kiti, afisa utumishi kwenye kiti, supavaiza amesimama ameegemea shina. Nikasoma daftari. Nilisoma taratibu, majina 15 ya mwanzo na tarehe zao, na kila jina likisomwa mwenyewe anaitika "nipo" ingawa hakuna aliyewaambia waitike. Nilikuwa najisikia nina nguvu, nisiwadanganye, nilijua haki iko mkononi mwangu kwenye karatasi.

Nilipomaliza supavaiza akasimama vizuri. Hakuwa mtu mbaya yule. Baba yangu alipofariki alikuja Mikindani kwa miguu yake na mchango wa idara, na sauti yake siku ile wala hakuipandisha.

"Dada, umesoma vizuri. Sasa tusomee na jina lako. Na utuambie nani alikupeleka getini, na huyu unaempigania leo ni nani yako."

Ule ukimya naukumbuka mpaka leo. Kuna embe lilidondoka kwenye bati la bohari, koh, na hakuna aliyegeuka. Nikaangalia daftari. Jina langu lilikuwa ukurasa wa pili, 2008, mwezi wa kumi na moja, kubangua. Safu nne nilizopiga kwa rula mwenyewe, na katika miaka yote ile sikuwahi kufikiria kwamba kunaweza kuwa na safu ya tano, ya aliyekuleta. Nikawa namuona afisa utumishi anaandika. Nikawa nataka kusema "mimi nilianzia chini kama wote" na ilikuwa kweli, lakini nilisikia jinsi itakavyotoka mdomoni, nikanyamaza.

Mama mkubwa alikuwa mbele yangu kabisa, anajitoa mafuta kwenye kucha kwa ncha ya kanga. Wala hakusimama.

"Nilimpeleka mimi. Nilimshika mkono huu. Baba, mpwa wako kumpeleka getini hatuna neno na wewe, usingempeleka dada yako angekusema mpaka kaburini, sisi wote huku ndio tulivyolelewa, mjomba ndio mjomba. Ila humo ndani kuna foleni. Wewe umembeba begani umepita nae juu ya vichwa vyetu."

Na supavaiza akamjibu, kwa upole vile vile, "Mama, dada yangu amefiwa na mume, ana watoto wanne. Mlitaka nimwambie asubiri nani?"

Hakuna aliyemjibu. Na yule kijana alikuwa amesimama ukutani kwa bohari, kofia mkononi, anasikia yote.

Yaliyofuata yalikuwa makaratasi. Tukapiga kura ya mikono, tukaandika malalamiko, ofisi ikakataa, tukapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 60 hazijaisha, na kule usuluhishi ukaisha kwa kupatana: kijana asitolewe, na iongezwe nafasi ya pili aingie mama mkubwa. Wenzangu walishangilia. Mimi sikujua nishangilie nini, maana aliyekuwa wa pili kwenye daftari na wa tatu na wa nne walibaki kwenye moshi, na walikuwa wananiangalia, na kuna mmoja hatukusalimiana tena mpaka nikaacha kazi. Aliniambia mara moja tu, "ulipigania foleni mpaka ilipomfikia wa kwenu." Daftari lilisema wa kwanza ni mama mkubwa, hilo halibadiliki. Lakini na yeye hakusema uongo.

Mama mkubwa alikaa kwenye ile meza safi misimu miwili. Macho yakamshinda akarudi nyumbani. Yule kijana mwezi mmoja baada ya shauri alikuja kwangu kuomba fomu ya TUF 6, ile ya kuruhusu ukatwe ada ya chama kwenye mshahara, akajiunga na chama, akataka nimwandike kwenye daftari. Nikamwandika, mstari wa mwisho kabisa. Na siku tuliyomzika mama mkubwa alikuwa kati ya waliobeba jeneza.

Binti hajauliza tena. Jana kaka yangu, huyo wa bandarini, alinipigia mwenyewe, mambo ya mvua na mambo ya mama, alafu akasema, "Dada, mpwa wangu vipi, bado hajapata kitu?" Nikasema bado. Akanyamaza na mimi nikanyamaza. Akasema, "Basi nitumie vyeti vyake nione."

Nilitaka kumuuliza huko kwenu kuna foleni ya watu wangapi, na wa kwanza ana miaka mingapi anasubiri. Sikuuliza. Bahasha ya vyeti iko juu ya kabati, nimeishusha mara mbili leo.